Ulimvua nguo mchana sokoni, unamrushia kanga usiku dirishani

Nianze na hela, maana hapo ndo nilipokosea mara ya pili.

Mwezi wa kwanza 2025 nilimtumia kijana mmoja laki mbili kwenye simu, nikaandika na ujumbe, "Samahani kwa yaliyotokea, hii itakusaidia kidogo." Nusu saa haikuisha hela ikarudi. Laki mbili kamili, yani makato ya kutuma kalipa yeye, kijana ambae najua kabisa siku ile hakuwa na uhakika wa kula usiku. Hakuandika neno hata moja.

Nikakasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kabisa, nikajisemea huyu mtoto ana kiburi, mtu unamsaidia anakurudishia. Ilinichukua siku kadhaa na maneno ya mama yangu mzazi kuelewa kwamba yule kijana alikuwa sahihi na mimi nilikuwa bado namkosea.

Iko hivi. Mimi ni mwalimu hapa Mtwara mjini, na kama watumishi wengi nina pikipiki ya mkataba. Wasiojua mkataba wa boda ni kwamba mwenye chombo anampa kijana piki, kijana analeta hesabu kila siku, kwetu tulikubaliana elfu nane kwa siku 26 za mwezi, miezi kumi na tano ikiisha piki inakuwa yake na kadi anakabidhiwa. Kijana nilimtoa Tandahimba, baba hana, mama ana mikorosho michache, kamaliza form foo hakufaulu vizuri. Nikampa piki mwezi wa 10 mwaka 2023, msimu wa korosho unaanza, na kwa sisi watu wa kusini hilo lina maana yake, maana hela hapa inakuja na korosho na inaondoka na korosho. Minada ikifunguliwa abiria wapo, watu wanajenga, wanaoa, wanacheza watoto wao unyago. Ikifika mwezi wa tatu wa nne mvua inanyesha, mjini kumepoa, boda anashinda kijiweni Chikongola anapata elfu tano siku nzima. Huyu kijana alivuka miezi yote hiyo migumu akiwa analeta hesabu. Miezi kumi na moja.

Mimi nashinda shule kwahiyo hesabu alikuwa anampa mdogo wangu wa kiume niliekuwa naishi nae, mkononi, bila maandishi. Mwezi wa 9 mdogo wangu akaniambia dogo haleti hela, siku ya kwanza, wiki, wiki tatu. Sikumuuliza kijana. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko yote, sikumuuliza. Nilikwenda kijiweni saa nne asubuhi wenzake wote wapo na abiria wapo na mama lishe yupo, nikamwambia lete ufunguo, akaanza kusema madam ngoja nikwambie, nikamkata, nikasema nyie watoto wa vijijini mkishikishwa hela mnakuwa wezi. Nikampigia na mama yake simu, nikamwambia mwanao ana deni langu la siku 21, laki moja na elfu sitini na nane, asipolipa naenda polisi.

Zilikuwa zimebaki wiki chache tu minada ifunguliwe. Yani amevumilia njaa yote halafu msimu unafika mimi namshusha.

Ukweli ulitoka kwa dereva wa pili. Huyu alikuwa mtu mzima kidogo, ana familia, kila akikabidhi hesabu anamsainisha mdogo wangu kwenye daftari dogo la kurasa 40. Mwezi wa kwanza mdogo wangu akaleta hadithi ile ile, huyu haleti, na dereva akafungua daftari mbele yangu sebuleni, saini za mdogo wangu zimepangana mpaka jana yake. Nilikaa chini. Sikuhitaji kuuliza kuhusu yule wa kwanza.

Sasa ndo nikatuma zile laki mbili na ziliporudi nikaenda Mikindani kwa mama kumhadithia, nikitegemea ataniunga mkono. Akaniuliza, "Ulimtukania wapi?" Nikasema kijiweni. "Saa ngapi?" Saa nne asubuhi mama, watu wamejaa. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Mtu umemvua nguo mchana sokoni, unamrushia kanga usiku dirishani?"

Ndo sababu ya mimi kuandika haya. Nadhani tuna ugonjwa sisi watu wazima, hasa tunapomkosea mtu mdogo na maskini. Akitukosea yeye tunataka apige magoti, tukimkosea sisi tunamtafutia msaada. Tunamnunulia viatu, tunamlipia ada, tunampa nauli, na kila anaeona anasema fulani ana moyo. Lakini ile hela inakuwa ya kufunika, na mtoto anajua. Msaada ukitangulia kuomba radhi unamfunga mdomo, kwasababu atasemaje tena na umeshampa?

Na maneno yetu yenyewe ya kuomba radhi hebu yasikilize. "Samahani kama nimekukwaza." Kama? Si unajua kama umemkwaza! "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza," usumbufu gani unajitokeza wenyewe, una miguu? Na mimi niliandika "kwa yaliyotokea" kana kwamba ni mvua ilinyesha. Halafu ile methali tunayoipenda, yaliyopita si ndwele tugange yajayo, mara nyingi nimeisikia ikitoka kwa aliekosea. Mwenye haki ya kuisema ni alieumia peke yake, na akiamua kutoisema ni haki yake pia.

Basi nikamuomba baba mdogo anisindikize, maana kwetu kwenye jambo zito huendi peke yako, tukapanda gari kupitia Nanyamba mpaka Tandahimba na kutoka hapo boda hadi kijijini. Mama yake alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akatoa mkeka, akatoa maji. Kijana alikaa pembeni kwenye kizingiti. Nikasema: mimi nilimwita mwanao mwizi, sikumuuliza, hakuwa mwizi, hela alileta yote na ndani ya nyumba yangu ndo iliibiwa. Sikuongeza sababu. Nilikuwa nimejiandaa na sababu nyingi tu njiani, kazi nyingi, nilimuamini ndugu yangu, baba mdogo akaniambia ziache kwenye gari.

Hapo ndo nikajua kitu ambacho sikukijua. Lile deni mama alikuwa amelilipa. Mwezi wa 9 mimi natishia polisi, yeye hana hela, akauza korosho zikiwa bado mtini, gunia mbili, kwa mtu wa kangomba, yani mlanguzi anaenunua nje ya chama, akapata laki na sabini akamtumia mdogo wangu kwa namba niliyompa mwenyewe. Kwa asiejua, korosho zetu zinatakiwa zipelekwe chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani na mkulima analipwa baadae. Mfumo una faida yake, msimu ule kilo mnadani ilivuka elfu tatu. Lakini mwenye shida ya leo hawezi kusubiri mnada, kwahiyo anakwenda kwa kangomba anauza kwa bei ya kutupa. Piga hesabu, gunia mbili ni kama kilo mia moja na sitini. Mimi nilituma laki mbili nikajiona mkarimu wakati mama wa watu kwa ajili ya neno langu alipoteza zaidi ya hiyo, ukiacha piki, ukiacha miezi kumi na moja ya mwanae.

Nikalipa zile korosho kwa bei ya mnada. Mama akahesabu, akafunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Hela nimeipokea mwalimu. Na jina la mwanangu?"

Kwahiyo wiki iliyofuata nilirudi kijiweni, saa nne asubuhi, palepale. Nilimuomba mwenyekiti wa kijiwe awaite wenzake na nikamuomba yule mama lishe asogee maana siku ile alisikia. Nikasema yaleyale niliyoyasema kijijini, na nikarudia na lile neno la watoto wa vijijini maana niliona nikilificha nitakuwa nimeomba radhi nusu. Miguu ilikuwa inatetemeka. Kuna vijana pale niliwafundisha darasani. Nikamaliza, kukawa kimya, kijana akasema, "Nimekusikia madam." Hakusema nimekusamehe. Na mpaka leo naandika hajasema.

Nikamuuliza anataka nini, maana safari hii sikutaka kuamua mimi. Nilidhani atasema piki. Nilishajiandaa kumkabidhi na kadi. Akamtazama yule dereva wa pili, akasema, "Na huyu je, ashushwe kama mimi?" Nilishindwa kujibu. Kwahiyo piki ikabaki kwa yule, na yeye tukakubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa nimrudishie milioni moja na nusu kwa awamu kutoka kwenye mshahara, na akataka karatasi. Barua yenye muhuri wa mtaa inayosema hakuiba, hadaiwi. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa nailoni akaiingiza kifuani.

Mimi nilidhani ile karatasi ni ya kujiliwaza. Siyo. Ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, ambayo nne ni vijana, nne wanawake, mbili watu wenye ulemavu, haina riba na ni kitu kizuri sana, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, lakini huendi peke yako, ni kikundi. Na kikundi ni watu wanaokujua. Kumbe kijana alikuwa ameshajaribu kuingia kikundi mwezi wa 11, wakamkataa, wakasema huyu aliiba hesabu ya madam. Fikiria. Serikali imetenga fungu, mlango uko wazi, na mimi kwa sentensi moja niliyoisema nikiwa na hasira nimemfungia. Kijana maskini hana shamba la kuweka rehani, hana mjomba mkubwa serikalini, mtaji wake ni jina. Ukilichafua umemfilisi, na ukitaka kumsaidia anza hapo kabla hujafungua pochi.

Nimefikiria sana pia kuhusu ile tarehe 1 Novemba 2023, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipokuja Songea kuomba msamaha kwa Maji Maji. Vita ile ya 1905 mpaka 1907 ilianzia huku kwetu, kwenye milima ya Umatumbi, Kilwa, mkoa jirani wa Lindi, kabla haijafika Ungoni. Walikufa watu laki kwa laki, wengi kwa njaa, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Ilichukua zaidi ya miaka mia. Watu wanabishana kama msamaha bila fidia ni msamaha, na mimi nipo upande wa wanaosema haujakamilika, fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni alienyongwa na Wajerumani, liliahidiwa kutafutwa. Lakini kitu kimoja naheshimu, hakusemea Berlin. Alikuja Songea, akakaa na wajukuu, akasema mbele ya makaburi. Kama rais anaweza kupanda ndege, mimi nashindwaje kutembea kutoka shule mpaka Chikongola?

Na kuna deni lingine sijalilipa. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba mabinti waliokatizwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule, nilishangilia kama wengine. Lakini miaka miwili kabla ya hapo kuna binti tulimuondoa shuleni, mimi nilikuwa kwenye kikao na sikufungua mdomo, na alivyokuwa anatoka na begi lake mvua ilikuwa inanyesha. Waliorudi tuliwapokea kwa madaftari na sare. Sikumbuki kusikia mtu akimwambia hata mmoja wao, tulikukosea. Huyo wa kwangu hakurudi, niliuliza kwao wakasema yuko Masasi anauza nguo za mitumba. Likizo ya mwezi wa sita naenda Masasi. Sijui nitamkuta na sijui atataka kuniona, ila naenda, na sibebi kitu mkononi mpaka nimalize kusema.

Kijana wa Tandahimba amenunua piki iliyotumika, kile kikundi kilichomkataa kimempokea, fomu zao ziko halmashauri wanasubiri majibu. Nikipita kijiweni ananiamkia, shikamoo madam, namuitikia marahaba, basi. Simfuatilii anisamehe.

Aliebaki ni mdogo wangu. Alinililia mimi, akapiga magoti kwangu, nikamwambia sio kwangu, mimi nimeibiwa hela tu. Mdogo wangu najua unasoma haya. Gari za Tandahimba zinatoka asubuhi, nauli nitakupa, baba mdogo amekubali kukusindikiza. Yule mama anakujua kwa jina, maana ndo lilitokea kwenye simu yake alipokutumia hela za korosho zake.