Asisti ya Mayai Ishirini na Saba

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya Mpare, mwenzangu wa ofisini, kuhusu nilivyoanguka kwenye bonanza la kikapu, naomba niweke sawa jambo moja: hakukuwa na sufuria. Sikuangukia sufuria ya mama ntilie, hakuna mchuzi uliomwagika, na mkurugenzi hakurukiwa na kitu. Ilikuwa trei ya mayai ya kuchemsha. Mayai ishirini na saba. Idadi naijua kwa sababu nimeyalipia.

Naandika mguu ukiwa juu ya stuli, barafu imefungwa kwenye kanga ya shemeji yenu, na shemeji yenu mwenyewe yuko jikoni anacheka peke yake. Huu ni usiku wa tatu. Ananyamaza dakika tano, nadhani yameisha, halafu nasikia tena vijiko vinadondoka.

Chanzo ni ubishi. Wanaotujua pale chini ya mwarobaini tunapokula mchana wanajua kwamba mimi na Mpare hatujawahi kukubaliana kuhusu Nikola Jokić, senta, yaani yule mrefu wa chini ya goli, wa Denver kwenye ligi ya kikapu ya Marekani. Mimi ni wake kufa na kupona. Fainali za 2023 nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku, nimepunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, namtazama anavyowafumua Miami michezo minne kwa mmoja. Asubuhi naingia ofisini macho mekundu, watu wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Mpare hamtaki hata kumsikia. Kwake yeye senta ni Dikembe Mutombo, basi. Anasema Denver hiyohiyo iliwahi kuwa na senta wa kweli, mtoto wa Kinshasa, ukileta mpira pale chini anaupangua halafu anakutikisia kidole, hapana, si hapa kwangu. "Huyu wako," ananiambia, "mzungu haruki. Ukiweka gazeti sakafuni halivuki. Senta gani anakaa mbali na goli anagawa mipira kama karani wa posta?"

Dereva wetu naye huwa yupo, na huwa na Mpare. Nadharia yake ni fupi: mweusi anaruka, mzungu anapiga za mbali, Mchina anasubiri kutafsiriwa.

Hapo ndipo huwa napanda jukwaani. Wiki iliyopita nilipanda kweli, nikasimama kabisa na kijiko cha wali mkononi. Nikawauliza, kwa nini Jokić akifunga tunasema ana akili, Joel Embiid, senta mwenzake, akifunga tunasema ana mwili? Wote wawili walichaguliwa na timu za ligi ile mwaka mmoja, 2014. Embiid wa 3, Jokić wa 41, tena jina lake lilipita wakati watazamaji wa televisheni wanaoneshwa tangazo la chakula. Embiid, mtoto wa Yaoundé, kaanza kikapu ana miaka kama kumi na tano, miguu kajifunza kwa kutazama mikanda ya Hakeem Olajuwon, senta wa zamani kutoka Nigeria. Hiyo si akili? Na huyo Mserbia asiyeruka, msimu wa 2024/25 kamaliza kwa wastani wa zaidi ya pointi 29, ribaundi 12, ile mipira iliyokosa goli anayoidaka, na asisti 10, zile pasi zinazozaa goli, kwa kila mchezo. Senta wa kwanza kufanya hivyo tangu ligi ianze. Kwa kuruka wapi?

Nikamalizia na kile kisa cha simba. Embiid alipofika chuoni Kansas aliwaambia wenzake kwamba alipokuwa mtoto kijijini aliua simba kwa mkono wake. Wakaamini! Mtu katoka mji mkuu wa Kameruni, wao wanaona picha ya mkuki. Alikuja kusema mwenyewe kwamba alikuwa anawachezea tu, kwa sababu alijua wanavyowafikiria Waafrika. "Na ninyi," nikawanyooshea kijiko, "hamna tofauti na wale wa Kansas. Mnamtazama mtu rangi na urefu, mnampangia kazi."

Nilipigiwa makofi, jamani. Dada wa mapokezi alipiga makofi.

Mpare akasubiri yaishe. Akafuta mdomo taratibu. "Sawa, mhadhiri. Wewe Msukuma una futi sita na inchi tano. Umewahi kugusa ringi?"

Kimya.

Hapa niwaibie siri. Sijawahi. Mwaka 2009, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kule Marekani na timu ya Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ndio nilikuwa naingia kidato cha kwanza, tayari nainama mlangoni. Mwalimu wa michezo alinitoa mstarini bila kuniuliza jina. Kila konda aliniita Thabeet. Wiki ya tatu mwalimu akagundua kosa, akanipa kazi ya kubeba mipira, na nakwambia ile safari ya kutoka katikati ya kiwanja kwenda kukaa kwenye benchi na wavu wa mipira begani, wasichana wa kidato cha pili wanatazama, ndiyo iliyonifanya niwe mtazamaji wa usiku wa manane. Urefu nimeupata, maelekezo ya matumizi hayakuja.

Lakini mtu aliyetoka kupigiwa makofi hasemi hayo. Nikasema, "Jumamosi kwenye bonanza mtaniona."

Jumamosi. Masoko dhidi ya Uhasibu, kiwanja cha saruji Upanga, jua la saa nne. Sisi Masoko tumevaa fulana za njano zilizobaki kwenye ile promosheni ya mwaka jana, tulizogawa bure mtaa kwa mtaa mpaka zikatushinda. Ishikeni hiyo fulana, ina kesi yake baadaye. Bukta niliazima kwa mdogo wangu, ambaye ana kiuno cha binadamu wa kawaida.

Wakanisimamisha katikati kwa mpira wa kuanzia. Mpinzani wangu ni mzee wa malipo, anayebakiza miaka mitatu kustaafu, ananifika kwapani. Sasa mimi nimelelewa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," na papo hapo refa akainua mpira. Nikaruka kwa haraka ya mtu aliyeshtuliwa. Nilipofika mwisho wa uwezo wangu mpira bado uko mkononi kwa refa, unaanza safari. Mimi nashuka, wenyewe unapanda, tukapishana njiani. Mzee wa malipo akauchukua kwa ncha ya vidole, bila hata kutoka jasho.

Dereva akapiga kelele kutoka nje: "Mzungu haruki!"

Dakika kumi za mwanzo sisemi. Niligusa mpira mara tatu, mara mbili kwa uso.

Halafu ikaja ile. Naieleza taratibu kwa sababu ndivyo inavyonirudia nikifumba macho.

Nikapata mpira, nimeligeuzia goli mgongo, mzee wa malipo yuko nyuma ananisukuma na tumbo. Na kwa mara ya kwanza siku ile nikatulia. Niliona kila kitu. Nikamwona Mpare anakata kushoto, naye kwenye bonanza yuko timu yangu, ndiyo ajabu ya dunia. Nikaona Uhasibu wote wamegeuka kumtazama yeye. Na kwa pembe ya jicho la kulia, karibu kabisa na mstari, nikaona njano. Njano tupu, haina mlinzi, imesimama peke yake inasubiri.

Nikajisemea, huyu hapa. Hii ndiyo ya Jokić.

Nikamkazia macho Mpare, kichwa na mabega vyote vikaenda kushoto, Uhasibu wakaenda kushoto na mimi, hata mkurugenzi kwenye kiti chake aliinama kushoto. Mkono ukautoa mpira kulia, juu ya bega, bila kutazama. Nilijua umetoka vizuri kabla haujatoka. Jamani, niliusikia kwenye vidole. Sijawahi kutoa kitu kizuri namna ile maishani mwangu, na nina watoto wawili.

Ile njano ilikuwa muuza mayai.

Kijana wa watu kaja bonanza kutafuta riziki. Trei iko kiganjani, usawa wa bega. Juu ya mayai kuna kopo la kachumbari na chupa ya pilipili. Kifuani, fulana yetu ya promosheni. Tulimpa sisi wenyewe! Bure! Kwa hiyo kiufundi, na hili nimelisema mbele ya watu wa rasilimali watu, nilimpasia mtu aliyevaa jezi yetu.

Akauona mpira unakuja usoni. Binadamu ana mikono miwili na hapo hesabu ni rahisi: kuudaka lazima uachie. Akadaka. Lazima niseme ukweli, alidaka vizuri kuliko mchezaji wetu yeyote, vidole vimefunguka, magoti yamekunjika. Trei ikabaki hewani peke yake muda mfupi kama inafikiria, kisha ikageuka.

Yai la kuchemsha halipasuki kama bichi. Linadunda kidogo, ganda linalia *ka*, halafu linaanza kutembea. Yakaingia kiwanjani yote, yanabingirika kila moja na mwelekeo wake, kachumbari nyuma yake, na kiwanja chote kikakaa kimya kinayatazama. Kijana akautazama mpira. Akayatazama mayai. Akanitazama mimi.

"Braza," akasema, kwa upole ambao bado unaniuma, "huu nifanye nini?"

"Pigaaa!" umati ukajibu.

Hakupiga. Nami badala ya kusimama nilipo kama mtu mwenye busara, nikamkimbilia kumwomba radhi. Hatua ya kwanza salama. Hatua ya pili salama. Ya tatu, mguu wa kulia ukatua juu ya yai.

Mguu wa kulia ukaenda Muhimbili. Wa kushoto ukabaki Upanga. Nikapiga msamba wa kwanza wa maisha yangu, na katikati ya ule msamba bukta ya mdogo wangu ikakubali yaishe, kwa sauti ya kuchanika kitambaa iliyosikika mpaka kwenye meza ya waamuzi. Nikaishia chali, mikono imenyooka. Mnakumbuka Mutombo mwaka 1994, Denver ilipoitoa Seattle, amelala sakafuni ameushika mpira juu ya kichwa anacheka? Mkao ni uleule. Ondoa mpira, ondoa kicheko, weka kachumbari.

Na hapo ndipo kilipotokea kilichoniua hasa. Kuanguka watu wanaanguka. Nguo zinachanika.

Ndugu zangu, mimi ni Yanga. Nimeiongea Yanga ofisini miaka sita. Kuna mtu wa Uhasibu nilimwekea bango mezani. Sasa shemeji yenu ni Simba wa kutupwa, na mwezi uliopita alininunulia boksa tatu kwa kisingizio cha bei nafuu. Nyekundu. Zina nembo. Nyuma. Nikawa navaa wikendi tu, ndani, nikijua hakuna mwenye sababu ya kuziona.

Upande mzima wa Uhasibu ukaziona. Sikusikia kicheko mara moja, nilisikia kwanza pumzi zinavutwa. Kisha sauti ya mzee wa malipo, taratibu, kama anayesoma risiti: "Ala! Kumbe mwenzetu."

Embiid alidanganya kwamba aliua simba. Mimi simba kaniua kweli, mchana, mbele ya mkurugenzi.

Yaliyobaki hayana maana. Nikafungwa kanga ya mtu kiunoni. Goti likavimba. Tukafungwa, sijui ngapi. Mayai nikalipa, ishirini na saba kwa mia tano, elfu kumi na tatu na mia tano, na Mpare ndiye aliyesimamia hesabu: alitaka tupunguziwe yale yasiyopasuka, aliposhindwa akayaokota akayaosha akala manne. Kijana wa mayai wakamwingiza kipindi cha pili kwa nafasi yangu. Alikuwa tayari na jezi. Kafunga mawili, wadau. Ni mfupi.

Picha ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipofungua mlango shemeji yenu alikuwa kaiweka kwenye kundi la dada zake, kaandika chini yake, "Amerudi zizini."

Leo nimeenda kazini nikichechemea. Dereva kaniuliza kama nimeua. Kijana wa mayai kapita getini saa nne kama kawaida, kaniona dirishani, akaikumbatia trei kwa mikono yote miwili.

Na kwa wale mnaonitumia meseji kuniuliza kama nimebadili msimamo: sijabadili. Jokić ni senta bora. Nimemweleza hata kijana wa mayai, asisti 10 kwa mchezo na kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza hizo asisti huwa anawapa wachezaji wenzake au.