Wiki ya 36 kwenye kaunta ya ndege, na wiki ileile kwenye kituo cha basi

Mjamzito anayefika uwanja wa ndege akiwa na mimba ya wiki 37 kwa kawaida hurudishwa, na wengi walio nyuma yake kwenye foleni huona amerudishwa kwa haki, tena hushangaa alipata wapi ujasiri wa kutoka nyumbani na tumbo kubwa namna ile. Ni nadra mtu kuuliza anakwenda wapi baada ya pale. Ikiwa alikuwa anatoka Dar es Salaam kwenda Mwanza akajifungulie kwa mama yake, kama ilivyo desturi katika familia nyingi hasa kwa uzazi wa kwanza, huenda kesho yake akawa kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi, ambako hakuna atakayemuuliza mimba yake ina wiki ngapi.

Masharti yenyewe yanafahamika. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mimba ya mtoto mmoja hadi wiki ya 36 na ya mapacha hadi wiki ya 32, na kuanzia wiki ya 28 hivi hutaka barua ya daktari au mkunga, aghalabu iliyoandikwa siku chache tu kabla ya safari.

Hoja ya mashirika ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Ndani ya ndege hakuna chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea mama, na mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhitaji joto na msaada wa kupumua, ambao wahudumu wa ndege, hata wakiwa na moyo kiasi gani, hawana vifaa vya kuutoa. Ndege iliyo katikati ya Bahari ya Hindi au juu ya Sahara haiwezi kutua palepale uchungu unapoanza. Kwa safari ya usiku mzima kwenda Ulaya, mimi mwenyewe ningemsihi dada yangu asipande.

Hata hivyo, watu wengi wanaoyaunga mkono masharti haya huyaunga mkono kwa sababu nyingine kabisa, nayo si sahihi: wanaamini kwamba kuwa angani kunamdhuru mtoto. Hewa ndani ya ndege hushikiliwa katika mgandamizo ulio sawa na ule wa mahali palipoinuka kati ya mita 1,800 na 2,400. Addis Ababa iko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na wanawake wa huko hubeba mimba zao hadi mwisho. Ni kweli kwamba abiria hana muda wa kuizoea hali hiyo kama mkazi wa mlimani, lakini damu ya mtoto aliye tumboni ina uwezo mkubwa wa kunasa oksijeni kuliko ya mtu mzima, na mama mwenye afya huivumilia tofauti hiyo bila shida. Mwaka 2018 chuo cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilieleza kwamba safari za ndege za mara moja moja ni salama kwa mjamzito asiye na matatizo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu (sikoseli), shinikizo la damu lisilodhibitiwa au kondo la nyuma lililokaa chini karibu na mlango wa kizazi ana hukumu yake tofauti, na kwake wiki si kipimo cha kwanza.

Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa dharura 11,920 za kiafya zilizotokea ndani ya ndege. Zilizohusu uzazi na magonjwa ya wanawake zilikuwa asilimia 0.5 tu, na wajawazito wengi kati ya hao walikuwa chini ya wiki 24, yaani kipindi ambacho hakuna anayewadai barua. Mtetezi wa masharti atajibu kwamba hesabu hiyo ni ndogo kwa sababu wenye mimba kubwa wamezuiwa, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini kuzuiwa kupanda ndege si kuzuiwa kusafiri, na hapa ndipo ninapoona mama huyu ameeleweka vibaya. Tunampima kana kwamba alikuwa anachagua kati ya ndege na kitanda chake, ilhali mara nyingi chaguo lake ni kati ya ndege na barabara.

Tuitazame basi hiyo barabara. Kwa ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000, kutwa nzima au usiku kucha, miguu imekunjwa na choo kikingojea dereva asimame. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujinyoosha, nao ulisema wazi kwamba hilo linahusu pia gari, basi na treni. Mjamzito tayari damu yake huganda kwa wepesi kuliko ya wengine. Kwa hiyo safari ya angani ni fupi kuliko muda unaotajwa kuwa wa hatari, na ya barabarani ni mara kadhaa ya muda huo, lakini ni ile fupi inayodaiwa barua. Uchungu ukianza kati ya Singida na Nzega, basi halina mkunga wala rubani wa kuomba kutua.

Kisha kuna namba yenyewe. Wiki ya 36 huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo wengi hawaikumbuki kwa hakika, au kutoka kipimo cha ultrasaundi. Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache. Kilichofanywa miezi mitatu ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu. Mama aliyepimwa mara ya kwanza tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, na barua ikasema wiki 36, huenda yuko 33, huenda yuko 39. Karani wa kaunta anaikubali namba hiyo kama ilivyo, kumbe anaweza kumrudisha mwenye wiki tatu mbele yake na kumpitisha aliyebakiza siku chache. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, na kingefanyika kwa wote, barua hizi zingekuwa na uzito zaidi.

Sidai kwamba mpaka huu wa wiki 36 ufutwe. Ninachodai ni kwamba safari ya dakika 20 kwenda Unguja isipimwe kwa mizani ya safari ya usiku kucha, kwamba barua itaje umri wa mimba ulipatikana kwa njia gani na lini, na kwamba mkunga wa kliniki amuulize mama kuanzia mwezi wa saba wa mimba atajifungulia wapi na atafikaje huko, wakati kiti cha ndege bado anaruhusiwa kukikalia.