Nyama iliyolala siyo nyama mbovu, na kima nasaga mwenyewe

Kima ya supamaketi hapa Ohio inanikera jamani. Juu nyekundu inang'aa, ukiipasua katikati kijivu, ukiitia sufuriani inatoa maji na mafuta. Ile kijivu ni kukosa hewa tu, haijaharibika, hilo silaumu. Ila sheria ya Marekani inaruhusu mafuta mpaka asilimia 30 na wanakuandikia kabisa kwenye paketi, 80 kwa 20 (yaani nyama 80, mafuta 20), 73 kwa 27, na paketi moja inaweza kuwa na nyama ya ng'ombe kibao waliochanganywa kiwandani. Hebu jaza sambusa kwa kima ya hivyo uone, manda yote inalowa.

Ndo maana siku hizi nanunua robo ng'ombe kwa mkulima, anachinja Muislamu mwenzetu kwa bismillahi, kisha nyama inaning'inizwa kwenye chumba cha baridi kama wiki mbili, naichukua ikiwa mapande makubwa na kazi iliyobaki naifanya mwenyewe mezani. Sasa nimetuma picha kwenye grupu la familia, mtu akauliza imechinjwa lini. Nikamwambia ukweli. Weee! Eti nimeshakuwa mzungu, nakula uozo, nimesahau nyama ya Ngamiani kwetu Tanga inayochinjwa alfajiri na mchana iko mezani.

Sijasahau. Na nasema bila kupepesa macho, ladha ya ng'ombe wetu wa kienyeji aliyekula majani maisha yake yote hapa siipati, na mbuzi wa kwetu ndo usiseme. Lakini tuambizane ukweli, hiyo nyama ya alfajiri si ndo hiyo hiyo tunayoitafuna mpaka taya linauma? Si ndo tunaipaka papai bichi, tunaichemsha masaa matatu na mkaa unaisha? Ng'ombe akishachinjwa mwili unakakamaa, baada ya muda ndo unaanza kulegea, na ukimlaza kwenye baridi iliyo juu kidogo ya sifuri nyama inajilainisha yenyewe. Sisi tunamkata akiwa amekakamaa. Wengine wanaichukua bado ya moto wanaitupa friza saa hiyo hiyo, hapo ndo inajikunja inakuwa ngumu zaidi, halafu lawama kwa ng'ombe, eti alikuwa mzee.

Na nyama iliyolala buchani kwetu mnaijua ilivyolala, siwafundishi. Imeshinda na joto na inzi, jioni umeme hamna. Hiyo hata mimi sili! Ila kulala kwa baridi na kulala kwa joto ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi nikisema hivi sioni kiburi kiko wapi.

Turudi kwenye kima. Nachukua nyama ya bega na kidari, natoa kano zote na ule utando mweupe, maana ukiuacha unajizungusha kwenye kisu cha mashine na nyama inapondeka badala ya kukatika. Nakata vipande vidogo, naviweka friza nusu saa mpaka viwe vigumu pembeni, na vyuma vya mashine naviweka humo humo. Mafuta yakipata joto yanapakaa, kima inatoka kama uji. Ikiwa baridi inatoka nyuzi nyuzi safi, napitisha sahani ya matundu makubwa kwanza kisha ndogo, na mafuta napima mwenyewe, kidogo kwa sambusa, zaidi kidogo kwa kababu. Sina wasiwasi, najua kilichoingia humo.

Kuna atakayesema mbona hata kwetu unasagiwa buchani, buku tu. Sawa, nani kasaga kabla yako? Mashine ile ndani inabaki na nyama ya mtu wa mwanzo, wewe wa pili unapewa mabaki yake, na yako anapewa wa tatu. Uchafu wa nyama nzima unakaa juu juu, ukiisaga unauingiza ndani yote, ndo sababu huku wanataka kima iive mpaka digrii 71 na steki wanaridhika na 63. Sisi tunasalimika kwa vile kima tunaikausha motoni mpaka basi. Na kinachoniuma ni kwamba mama zetu walikuwa na mashine zao za mkono, za chuma, zile za kubana mezani, Tanga nzima nyumba kwa nyumba watoto tunazungusha mpini Ramadhani inakuja. Zimeenda wapi? Tumeziuza chuma chakavu halafu tunapanga foleni buchani!

Kwa hiyo msinambie nimeiga wazungu. Wazungu wenyewe hapa wengi hawajui bega la ng'ombe liko wapi, mkulima anashangaa nikimwambia nataka na kichwa, na makongoro, na utumbo, vitu ambavyo wateja wake wanaviacha. Supu yangu ya kongoro ni ya Tanga na kima yangu ni ya Tanga.

Mwenye friji huko nyumbani ajaribu kitu kimoja, paja la mbuzi, alifunike, alilaze usiku mzima pale chini, siyo kwenye barafu, kesho alipike bila papai. Umeme ukikatika alipike usiku huo huo, asiliache jikoni kwenye joto. Halafu ndo mje tubishane.