Raga: Adhabu Zinafanana, Macho Ndiyo Hayafanani

Mechi ya Uingereza na Argentina ilikuwa na dakika tatu tu, Septemba 9, 2023, pale Marseille, Tom Curry alipogongana kichwa kwa kichwa na Juan Cruz Mallía. Alioneshwa kadi ya njano, yaani dakika kumi nje, akakaa kusubiri maafisa wa video wapitie tukio, na hata dakika hizo hazijatimia njano ikageuka nyekundu. Kesho yake, kwenye uwanja uleule, Jesse Kriel wa Afrika Kusini alimkaba Jack Dempsey wa Uskoti na vichwa vikagongana vilevile. Filimbi haikulia. Kadi haikutoka, na baada ya mechi hapakuwa na shtaka. Curry alifungiwa mechi tatu, moja ikifutwa kwa sharti la kuhudhuria mafunzo ya ukabaji. Kriel aliendelea kucheza hadi fainali na kurudi nyumbani bingwa wa dunia.

Mabishano yaliyofuata yanajirudia kila msimu wa mechi za kimataifa. Kuna wanaosema kichwa ni kichwa, kwa hiyo anayekigusa apate adhabu ileile, awe nani na acheze wapi. Wengine wanajibu kwamba hakuna ukabaji unaofanana na mwingine, na anayetaka matokeo yaleyale kila mara hataki haki, anataka mashine. Nimewasikiliza wote wawili na naona kila mmoja anazungumzia hatua tofauti ya safari moja. Kosa lazima kwanza lionekane, kisha lipewe jina, ndipo lipimiwe adhabu. Katika hatua ya mwisho mfumo wa raga uko imara kuliko unavyosifiwa. Ugonjwa uko katika ile ya kwanza, nayo ndiyo isiyojadiliwa kwa kina.

Tuanze na adhabu. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ina jedwali linaloorodhesha kila aina ya rafu na ngazi tatu za uzito: ya chini, ya kati na ya juu. Kung'ata mwenzako kunaanzia wiki 12. Kumkaba mtu juu kukigusa kichwa hakuwezi kuhesabiwa ngazi ya chini; kunaanzia ya kati, yaani wiki sita. Baada ya hapo jopo la nidhamu hutazama rekodi ya mchezaji, kama amekiri, kama ameonyesha kujutia, na linaweza kupunguza hadi nusu. Ndiyo maana wiki tatu zimekuwa kama bei ya kawaida ya kugonga kichwa cha mtu.

Kombe la Dunia la 2019 kule Japani lilikuwa mtihani mzuri wa jedwali hilo. Reece Hodge wa Australia alimgonga Peceli Yato wa Fiji aliyekuwa anakimbilia mstari wa kufungia. Yato akatoka na mtikisiko wa ubongo, Hodge hakupewa hata njano. Rey Lee-Lo na Motu Matu'u wa Samoa walipewa njano dhidi ya Urusi. John Quill wa Marekani alimpiga Owen Farrell wa Uingereza kwa bega na kutolewa kwa nyekundu. Uwanjani, basi, tulipata majibu matatu: hakuna kadi, kadi ya njano, kadi nyekundu. Mbele ya jopo wote wanne waliondoka na wiki tatu.

Anayedai kwamba majopo hutoa adhabu kwa kubahatisha inabidi alitazame hilo kwa utulivu. Taifa kubwa la raga na madogo yalipimwa kwa kipimo kimoja. Lakini Fiji hawakuweza kufurahia usawa huo. Walikuwa wanaongoza walipompoteza mmoja wa wachezaji wao hatari zaidi, wakacheza dhidi ya watu 15 waliostahili kuwa 14, wakafungwa 39-21. Wiki tatu za Hodge zilifuatiwa na mechi za Australia dhidi ya timu nyingine; Fiji hawakupata chochote. World Rugby yenyewe, siku chache baada ya mashindano kuanza, ilitoa taarifa hadharani ikikiri kwamba uamuzi haukuwa umefikia kiwango kinachotakiwa. (Kilichonishangaza zaidi katika uamuzi wa Hodge ni kwamba mchezaji huyo wa kulipwa alionekana hakuwa na ufahamu wa maana wa mwongozo wa ukabaji wa juu uliotolewa miezi michache kabla. Hakika kabla ya kuwalaumu waamuzi tungewauliza makocha.)

Upande wa pili una hoja nzito pia. Mwongozo wa sasa, uliotokana na ule wa 2019 na kurekebishwa 2021, unamtaka mwamuzi ajiulize maswali kwa mpangilio: kichwa kimeguswa? Ilikuwa rafu? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Kuna jambo la kumpunguzia? Maswali ni yaleyale kwa kila mtu, ila majibu mawili ya mwisho ni ya kukadiria. Fainali ya 2023 ilionyesha hivyo mbele ya dunia nzima. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alimgonga kichwani Kriel, yuleyule wa Marseille, na njano yake ikapandishwa kuwa nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Kipindi cha pili Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye akamgonga Ardie Savea. Maafisa wa chumba cha marudio ya video wakaona hatari yake haikufikia kiwango cha nyekundu, ikabaki njano. Matokeo, 12-11 kwa Afrika Kusini.

Mashabiki wa New Zealand hadi leo hawalali vizuri kwa hilo. Mimi naona tofauti kati ya matukio yale mawili ilikuwepo: Cane alikuwa amesimama wima, Kolisi alikuwa amejaribu kushuka. Unaweza kubisha kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Huwezi kusema hakuna aliyeangalia. Matukio yote mawili yalipitishwa kwenye mchujo mmoja usiku mmoja, na hapo ndipo naachana na wanaotaka kila kichwa kiwe nyekundu. Ukiondoa ukadiriaji, unamwadhibu sawasawa aliyeruka na bega mbele na yule ambaye mwenye mpira ameteleza akaanguka kwenye paji lake la uso. Freddie Steward wa Uingereza alitolewa kwa nyekundu Machi 2023 huko Dublin baada ya kugongana na Hugo Keenan wa Ireland kwa sekunde ambayo hata kujikinga ilikuwa kazi; jopo likaifuta, likisema ilistahili njano. Wakati huo Uingereza walikuwa wameshacheza kipindi kizima cha pili pungufu na kushindwa.

Sasa ya Owen Farrell na George Moala, ambayo ndiyo hutajwa na kila anayeamini mataifa makubwa yanapendelewa. Agosti 2023 Moala wa Tonga alimnyanyua mchezaji wa Kanada na kumwangusha vibaya. Adhabu yake ikaanzia wiki 10 na kupunguzwa nusu. Siku mbili baadaye Farrell akamkaba Taine Basham wa Wales kwa bega kichwani. Njano ikapandishwa kuwa nyekundu, halafu jopo la kwanza likaifuta nyekundu hiyo, kwa maelezo kwamba mchezaji mwenzake Farrell alimgusa Basham na kubadilisha mwelekeo wake muda mfupi tu kabla ya kugongana. Kelele zilizozuka hazikuwa za bure.

Kwa haki, makosa hayo mawili si ya aina moja kwenye jedwali, kwa hiyo kulinganisha wiki za Moala na za Farrell hakutupeleki mbali. Kilichoharibika ni kitu kingine. Mwongozo unasema ukabaji ambao ni haramu tangu mwanzo hauwezi kupunguziwa. Jopo la rufaa, baada ya World Rugby yenyewe kukata rufaa, lilibaini kwamba lile la kwanza halikulizingatia suala la Farrell kutojaribu kutumia mikono kumkumbatia mpinzani. Swali moja lilirukwa, na kuliruka kukageuza hukumu yote. Akafungiwa mechi nne. Kwa hiyo upande mmoja utasema mfumo ulijisahihisha, na kweli ulijisahihisha. Upande mwingine utauliza kama rufaa ingekatwa kwa kesi ya mchezaji asiyejulikana katika mechi isiyotazamwa na watu wengi. Ushahidi wa kulijibu sina, lakini swali lenyewe si la chuki.

Suala la wiki dhidi ya mechi nalipita haraka, ingawa lina uchafu wake. Sonny Bill Williams wa New Zealand alipofungiwa wiki nne mwaka 2017 kwa kumgonga Anthony Watson kichwani kwa bega, rufaa iliruhusu mechi ya maandalizi, iliyochezwa kwa vipande vitatu na timu tatu, ihesabiwe kama mojawapo ya mechi alizokosa. Kwa nchi yenye kalenda iliyojaa mechi, upo uwezekano wa kuchagua kipi kihesabiwe. Kwa timu inayocheza mechi za makundi tu kwenye Kombe la Dunia na kurudi nyumbani, wiki tatu ni mashindano yote yamekwisha. Jedwali halina kosa hapo. Kalenda ndiyo isiyo sawa.

Kadi nyekundu ya dakika 20, iliyoanza kujaribiwa kwa upana kwenye mechi za kimataifa tangu Novemba 2024, ililetwa kama jibu kwa upande wa pili: aliyekosea haruhusiwi kurudi, lakini baada ya dakika 20 mwenzake anaingia, ili mechi isife. Ufaransa waliipinga kwa nguvu, wakihofia kwamba usalama wa wachezaji unauzwa. Siwalaumu. Ila mwaka 2025 umewapa nguvu wanaoitetea. Tadhg Beirne wa Ireland alipewa nyekundu ya namna hiyo dhidi ya New Zealand kule Chicago, na jopo likaifuta baadaye. Wiki mbili baadaye Franco Mostert wa Afrika Kusini alitolewa moja kwa moja dhidi ya Italia, nyekundu kamili isiyo na mbadala, nayo ikafutwa. Nyekundu mbili zimefutwa ndani ya mwezi mmoja, na kati yake iliyoumiza zaidi ni ile isiyokuwa na kikomo. Afrika Kusini walishinda hata hivyo, 32-14, ndiyo maana hatukusikia mengi.

Narudi kwenye tukio la Kriel, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Cane, Farrell, Steward, Beirne na Mostert wote tunaweza kuwabishania kwa sababu kuna maandishi. Mwamuzi alisema hivi, jopo likaandika vile, tunalinganisha. Kwa Kriel hakuna cha kulinganisha. Baada ya kila mechi ya kimataifa kuna kamishna anayepitia picha na kuamua nani ashtakiwe. Akishtaki, kesi huendeshwa na uamuzi huchapishwa. Akiamua kutoshtaki, kwa kawaida ni kimya. Inawezekana aliona sababu nzuri kabisa ya kumwacha Kriel. Inawezekana pia hakuona tukio. Kwetu sisi tulio nje, hayo mawili yana sura moja.

Na hili si la jana. Juni 25, 2005, mwanzoni kabisa mwa mechi ya kwanza ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland, dhidi ya New Zealand huko Christchurch, Brian O'Driscoll alinyanyuliwa na Tana Umaga na Keven Mealamu akaangushwa, bega likachomoka, ziara yake ikaishia hapo. Kamishna hakumshtaki yeyote. Katika mechi hiyohiyo Danny Grewcock wa Lions alifungiwa miezi miwili kwa kumng'ata Mealamu. Huenda Grewcock alistahili kila siku yake. Lakini hasira iliyobaki miaka ishirini inatokana na lile ambalo halikufika mbele ya jopo.

Ufuatiliaji umeboreka tangu hapo, nakubali. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2025, Axelle Berthoumieu wa Ufaransa alimng'ata Aoife Wafer wa Ireland katika robo fainali bila mwamuzi kuona. Akashtakiwa, akafungiwa mechi 12, zikapunguzwa hadi tisa kwa rufaa. Kamera zilifanya kazi yake na kamishna akafanya yake.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka: kichwa kikiguswa na kamishna akaamua kutoshtaki, aandike aya moja kueleza alijibu vipi yale maswali ya mwongozo, na aya hiyo ichapishwe. Pingamizi zipo. Muda wa kushtaki ni mfupi. Kila shirikisho litatuma orodha ndefu ya malalamiko. Wanasheria watazigeuza aya hizo kuwa silaha, hasa sasa ambapo wachezaji wa zamani kama Steve Thompson na Alix Popham wamefungua kesi kuhusu majeraha ya ubongo. Pingamizi hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalonifanya nishuku kwamba kimya hakitokani na uvivu tu. Ila mchezo unaowaambia wazazi kwamba umeuweka ubongo wa mchezaji mbele ya kila kitu hauwezi kuuficha uamuzi wake pale unapoona kichwa kimegongwa ukasema hakuna kesi.

Kombe la Dunia la 2027 huko Australia litakuwa na timu 24 na mechi 52, kutoka timu 20 na mechi 48. Timu zinazoongezeka ni zile ambazo mechi zao hazina wachambuzi kumi wa runinga wa kurudisha picha nyuma na kupiga kelele. Huko ndiko kamishna atakapokuwa karibu jicho pekee lililobaki.