Nidhamu ya kutredi kripto na mtaji wa laki tatu, inasaidia kweli ama tunajifariji?

Kuna mzee mmoja hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kazi yake ni kubadilisha pesa karibu na mpaka, shilingi za Kenya kwa shilingi zetu, anakaa chini ya mwavuli na kikokotoo chake kimefungwa raba maana kifuniko cha betri kilishapoteaga zamani. Siku moja nikamuuliza kama huwa anakisia shilingi ya Kenya kesho itapanda ama itashuka. Akacheka sana. Akaniambia, mwanangu, mimi sibashiri kitu, nanunua kwa bei hii nauza kwa ile, hapo katikati ndio mboga yangu. Na siku bei ikianza kurukaruka je? Nafunga begi naenda kunywa chai.

Nimemleta huyu mzee kwa sababu kila nikisoma mambo ya kutredi kripto naambiwa nidhamu, nidhamu, nidhamu. Weka stop losi, yaani oda ya kukutoa yenyewe bei ikifika kiwango ulichoandika, usihatarishe zaidi ya asilimia moja ya mtaji kwa tredi moja, usitredi ukiwa na hasira, usikimbilie koini iliyoshapanda. Hakuna anayebisha. Lakini mzee ana nidhamu na pia hesabu iko upande wake, kila mtu akija kubadilisha yeye anabaki na kitu mkononi, awe ananunua awe anauza. Sisi wa kwenye simu tunakatwa tukinunua na tunakatwa tena tukiuza. Kwa hiyo mtu akiniambia kutredi ni biashara kama biashara nyingine, ni nidhamu tu, mimi nauliza, katikati yetu nani amekaa chini ya mwavuli?

Sasa nianze na upande ambao watu huwa wanaudharau, upande wa wasiotaka hiyo nidhamu. Kuna kijana wa boda hapa steji yetu ana mtaji wa laki tatu, ni kama dola 80 na kidogo. Nilimpigia lekcha ya asilimia moja akanisikiliza vizuri mpaka mwisho halafu akasema: "Kaka, asilimia moja ya laki tatu ni elfu tatu. Hiyo ni rolex moja, chapati ya mayai. Nikihatarisha rolex ili nipate rolex mbili, nyumba nitajenga lini?" Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona ana hoja. Ile sheria inamfaa mtu mwenye mtaji mkubwa, mwenye milioni mia asilimia moja yake ni milioni nzima, akipata mara mbili tatu kwa mwezi anaishi. Mwenye laki tatu akifuata sheria hiyo hiyo na afanye vizuri kabisa mwaka mzima, bado hawezi kulipa hata ada ya muhula mmoja. Kwa hiyo anafanya nini? Anachukua levereji, yaani soko linamkopesha ashike tredi kubwa kuliko pesa yake. Mara 20.

Na hapa ndipo hesabu yake inapogeuka kumla mwenyewe, tuifanye polepole. Dola 80 kwa levereji ya 20 zinashika dola 1,600. Makato ya fyucha, ndizo hizo tredi za levereji, kwenye masoko makubwa ukiingia kwa bei ya papo hapo ni kama asilimia 0.05, inaonekana kama vumbi, lakini inakatwa kwenye zile 1,600 na sio kwenye 80 zako. Senti 80 kuingia, senti 80 kutoka, jumla dola moja na senti 60, yaani asilimia 2 ya mtaji wako imeenda hata kabla bei haijasogea popote. Ukifanya tredi tano kwa siku, ambazo kwa kijana aliyekaa steji akisubiri abiria ni chache sana, umelipa dola 8. Karibu elfu 29, hiyo ni petroli banange! Na bado hujakosea hata mara moja, hayo ni makato tu. Ukikosea sasa, bei ikienda asilimia 5 upande mwingine umeisha, na kwa kweli unaungua kabla hata haijafika 5 kwa sababu soko linakufunga mapema lisije likabaki na hasara yako. Bitcoin kusogea asilimia 5 kwa siku sio habari. Hizi koini ndogo zinafanya hivyo kabla hujamaliza chai ya asubuhi.

Kwa hiyo kijana yuko sahihi kwamba nidhamu haitamtajirisha, na amekosea kwamba kuiacha ndio kutamtajirisha. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka uchague upande.

Mimi mwenyewe sio malaika. Januari 2021, siku ya Jumatano kabla ya uchaguzi, nilifungua tredi ya kununua Bitcoin ikiwa karibu dola elfu 36, levereji 20, bila stop losi wala oda ya kuchukua faida, maana nilijiambia simu iko mkononi nitaangalia mwenyewe. Jioni hiyo intaneti ikazimwa nchi nzima. Sio Facebook peke yake, intaneti yote, hata VPN haikuwa na kitu cha kushika. Nikabaki na simu ya kupiga na kupokea tu, nikimpigia binamu yangu upande wa Kenya aniangalizie bei, naye ana shughuli zake anasema ngoja nitakupigia. Alhamisi watu wakapiga kura, Bitcoin ikapanda mpaka karibu elfu 40, mtaji wangu ulikuwa umekaribia mara tatu na mimi niko hapa nakula mihogo sijui kitu. Kufikia Jumapili ikawa imerudi chini mpaka elfu 34. Jumatatu tarehe 18 intaneti iliporudi nikafungua akaunti, sifuri. Na ukumbuke nilikuwa nimepatia! Nilisema itapanda na ikapanda. Kilichoniua ni kwamba oda zinakaa kwenye seva ya soko huko mbali zikifanya kazi hata kama Uganda nzima iko gizani, lakini nia yangu ya kuangalia mwenyewe ilikuwa inakaa kwenye simu yangu.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza faida ya stop losi sijibu mambo ya saikolojia, namwambia umeme ukikatika, bando likiisha, intaneti ikizimwa, abiria akitaka umpeleke Tororo, ile oda inabaki kazini.

Lakini tusiifanye stop losi iwe mtakatifu pia. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2025, huku kwetu ilikuwa kama saa sita usiku watu wamelala, Trump alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China na soko la kripto likaporomoka, Bitcoin ikatoka juu ya dola elfu 120 mpaka chini ya elfu 110, koini ndogo nyingine zikashuka zaidi ya nusu ndani ya dakika chache halafu zikarudi kiasi. Tredi za levereji zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Sasa mtu mwenye stop losi usiku ule inawezekana aliuziwa kule chini kabisa, mbali na bei aliyoandika, kwa sababu bei ikishuka hivyo hakuna mnunuzi pale katikati. Na jirani yake ambaye hakuwa na stop losi wala levereji, amenunua Bitcoin yake kwa pesa yake, aliamka asubuhi akaona imepungua, akanung'unika, akaenda kazini. Kati ya hao wawili nani alikuwa mwangalifu? Kwa vitabu ni wa kwanza. Kwa mfuko ni wa pili.

Hapo wale wa kununua na kushikilia wanashangilia, wanasema si tuliwaambia. Na wana ushahidi mzuri tu, Novemba 2022 Bitcoin ilishuka chini ya dola elfu 16, Desemba 2024 ikapita laki moja, mtu aliyekuwa ananunua ya elfu 50 zetu kila mwezi bila kugusa chati amewashinda matreda wengi waliokesha wakichora mistari. Mimi kwa sehemu kubwa niko upande huu siku hizi. Lakini kushikilia nako kuna makaburi yake. Mei 2022 koini ya Luna ilikuwa zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi, baada ya wiki moja hivi ilikuwa chini ya senti moja, na walioumia zaidi ni hao hao wenye subira, walioambiana tusiuze, tuwe na imani, wengine wakaongeza kununua ilipofika dola tano wakidhani ni bei ya kutupa. Mwezi Novemba mwaka huo huo soko la kripto la FTX likafilisika, watu waliotredi vizuri na faida zao halali wakakuta pesa zimefungiwa ndani. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alifungwa miaka 25 mwaka 2024, lakini wenye pesa walikuwa wameshakaa muda mrefu wakisubiri. Subira inafanya kazi ikiwa kitu unachokisubiri kina mguu, na mahali ulipokiweka hapawezi kufungwa na mtu mmoja. Hilo la pili tunalisahau sana.

Kwetu hapa kuna jambo jingine ambalo video za YouTube za watu wa Marekani hazikuambii, nalo ni njia ya kutoka. Tangu Oktoba 2019 Wizara ya Fedha ilisema serikali haitambui kripto kama pesa halali, halafu Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ikawaandikia watoa huduma za malipo wasigeuze kripto kuwa pesa za simu wala kinyume chake, mtu akaenda mahakamani kupinga na Mahakama Kuu ikaitupa kesi 2023. Kwa hiyo tunauziana mtu kwa mtu, ile P2P, unamwachia USDT, ile koini inayofuata bei ya dola, yeye anakutumia pesa kwenye laini yako, na kila mara anakusisitizia kwenye sababu ya malipo usiandike neno USDT wala kripto. Ukishaambiwa hivyo ujue ukipata shida huna pa kulalamika, unaenda polisi unawaambia nini? Na pesa aliyokutumia ikiwa ilitoka kwenye laini ya wizi, laini yako ndio inafungwa. Weka juu yake tofauti ya bei ya kununua na kuuza, weka ile kodi ya asilimia 0.5 ukitoa pesa kwa ajenti pamoja na makato ya kampuni ya simu. Mtu anakuonyesha amepata faida ya asilimia 3 kwa wiki, muulize ikifika mkononi inabaki ngapi.

Wapo wanaosema basi kutokana na haya yote acheni kabisa, ni kamari. Siwaungi mkono moja kwa moja. Betting imejaa kila kona hapa mjini na huko huna hata nafasi ya kununua kitu ukakihifadhi, na nawajua watu ambao shilingi yetu ilipokuwa inayumba walijificha kwenye USDT wakatoka salama, pia wapo wanaolipwa kazi za mtandaoni kwa njia hiyo hiyo maana benki ingewala makato. Hofu ikizidi nayo inakula. Ila nawaelewa, kwa sababu wengi wao walichomwa na vitu ambavyo havikuwa hata kutredi. Dunamiscoins waliahidi faida kubwa halafu Desemba 2019 ofisi zikafungwa, na OneCoin Benki Kuu ilikuwa imeshaionya mapema 2017. Aliyepoteza ng'ombe huko humwambii tofauti ya Bitcoin na utapeli, kwake yote ni koini.

Ninachofanya mimi sasa hakina ujanja. Levereji sigusi. Nanunua kidogo mwisho wa mwezi, Bitcoin peke yake, naitoa kwenye soko naiweka kwenye waleti yangu, maneno 12 ya siri ya kuifungulia nimeyaandika kwenye karatasi na karatasi haikai nyumbani kwangu. Ada ya watoto na pesa ya kodi ya nyumba haziingii humo hata kwa siku mbili, hata kama kuna signali ya uhakika kutoka Telegram, hasa kama kuna signali ya uhakika kutoka Telegram. Tredi za kukisia nafanya na elfu 50 ambayo nimeshaihesabu kama imekufa, na nikiwa mkweli hiyo elfu 50 kwa miaka miwili imekufa mara tatu.

Yule kijana wa steji tulikubaliana nusu nusu. Laki mbili akaweka kwenye Sacco ya wenzake, laki moja akabaki nayo kwenye simu bila levereji. Wiki iliyopita nikamkuta amekaa juu ya pikipiki, akanionyesha, iko elfu 97. Miezi miwili. "Kaka, mbona nimefuata yote na inarudi nyuma?" Tukahesabu pale pale kwenye kava la kiti kwa kidole, alikuwa amenunua na kuuza mara kumi na nne, karibu yote iliyopungua ni makato, bei yenyewe ilikuwa haijamfanyia kitu. Nikamwambia jaribu mwezi ujao mara mbili tu. Akaniangalia kama nimemwambia afunge pikipiki ndani. Mama mmoja mwenye kiroba cha vitunguu akamwita, akarudisha simu mfukoni na chati ikiwa bado inawaka.