Saa au sensa: mtambo usogee hatua kwa amri ya nani?

Mafundi wa Unguja na Pemba tunaoandika programu za kuendesha mitambo hatua kwa hatua tunabishana sana juu ya jambo hili: hatua inayofuata ianze muda ukitimia, au ianze kwa ishara ya sensa, yaani kifaa kinachotambua hali halisi ndani ya mtambo? Chukua ukamuaji wa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kazi inayofanyika Wawi, Chake Chake. Mvuke hupita kwenye makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa kwa maji. Maji ya kupoza yakikosekana, mafuta hupotelea hewani. Kwa hiyo pampu itangulie, vali ya mvuke ifuate. Lakini ifuate lini?

Wapo wanaopanga kwa saa: pampu ikiwaka, hesabu sekunde 20, fungua mvuke. Nawaelewa. Niliwahi kufungua swichi ya mtiririko, sensa inayotambua kama maji yanapita, iliyofungwa karibu na pwani, nikakuta terminali, pale waya zinapoungwa, zimeota unga wa kijani na waya umekatikia ndani ya ganda lake. Chumvi haina huruma na sensa. Ikifa katikati ya msimu wa karafuu, kazi inasimama huku kipuri kikisubiriwa boti kutoka Dar es Salaam. Hapo fundi huunganisha waya moja kwa moja ili kuiruka sensa, na tangu siku hiyo programu inaambiwa maji yapo hata yasipokuwepo.

Hata hivyo, saa haijui kitu. Pampu inaweza kuzunguka sekunde 20 ikivuta hewa tupu. Mimi nasema sensa ndiyo itoe ruhusa, saa iwe mlinzi: ishara isipofika ndani ya muda, mtambo usimame na skrini yake iandike ni hatua gani imekwama na inasubiri nini. Zaidi ya hapo, kabla ya kuwasha pampu, programu ihakikishe swichi inasoma "hakuna maji". Ikisoma "yapo" wakati pampu imezimwa, ama imeganda ama imeungwa waya. Ni mstari mmoja tu wa programu, na sioni sababu ya kuuacha.

Ugumu zaidi uko kwenye umeme. Tuliokaa gizani Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua unavyoondoka, lakini hatari iko pale unaporudi. Pampu ya tangi la mji iwake yenyewe, maana watu wanangoja maji na usiku hakuna wa kubonyeza. Mvuke hapana: mtambo urudi hatua ya kwanza, vali zimefungwa, usubiri mtu aje autazame kwanza ndipo abonyeze.