Kifaru Hakizaliwi Kambini

Wapenzi wa gemu za mikakati hapa Nairobi tukianza kubishana kuhusu uhalisia, mjadala huishia kwenye chuma: deraya ya kifaru hiki ina unene gani, kombora lile hufika umbali gani, kwa nini ndege fulani imepewa roketi ambazo haikuwahi kubeba. Nadhani tunakagua mahali pasipo na tatizo. Tatizo ni kwamba gemu nyingi hukukabidhi silaha bila kukuuliza imetoka wapi, na majeshi ya bara letu yakichorwa kwa mtindo huo, hayatambuliki tena.

Chukua Command & Conquer: Generals, iliyotoka 2003. Kuna pande tatu: Marekani, China na GLA, kundi la wapiganaji wa msituni na jangwani. Waliobuni GLA walifanya kazi ninayoiheshimu sana. Kambi yake haihitaji umeme, kwa hivyo hakuna jenereta utakayolipua ili uizime. Wapiganaji hupita kwenye mahandaki na kuibukia upande wa pili wa ramani. Magari yake huokota mabaki ya magari ya adui yaliyolipuliwa na kujiongezea silaha kutokana na hayo, pikapu ikaanza na bunduki ya rashasha na kuishia na roketi. Katika nyongeza ya Zero Hour unaweza hata kuwanunulia vibarua viatu ili waongeze mwendo. Kila kipengele kinatokana na hali ya jeshi lenyewe, si rangi ya sare, na ndivyo upande unavyopaswa kubuniwa.

Kisha inakuja vita yenyewe. Kwa fedha za gemu, pikapu ya GLA inagharimu 500, kifaru cha Crusader cha Marekani 900, na Overlord la China 2,000. Overlord lina mitutu miwili, na likikutana na pikapu halina haja ya kufyatua chochote: linaikanyaga, linapita juu yake, linaendelea na safari. Somo analobaki nalo mchezaji ni kwamba jeshi maskini lina vitu vibovu, basi lifidie kwa wingi na kwa sumu, silaha nyingine ya GLA.

Chad 1987 inakataa somo hilo. Libya iliingia kaskazini mwa nchi hiyo na vifaru vya T-55, mizinga na ndege za kivita. Wachad walikuja na Toyota Land Cruiser, nyingine zikiwa na makombora ya MILAN, yanayoweza kupiga kifaru kilicho karibu kilomita mbili. Januari waliivunja ngome ya Libya pale Fada. Machi wakaiteka kambi ya Ouadi Doum, uwanja wa ndege ukiwemo. Vita hivyo hadi leo vinaitwa Vita vya Toyota. Yeyote aliyewahi kupishana na pikapu ya miraa alfajiri kwenye barabara ya Thika anajua mwendo ni silaha ya namna gani: ukiwa bado unageuza shingo, imeshapita. Mpiga mzinga wa T-55 alikuwa na shida hiyo hiyo, ila gari lililokuwa likimzunguka lilikuwa na kombora.

Makombora hayo hayakuchipuka jangwani. Ufaransa ndiyo iliyoyatoa, na ndege zake zililinda kusini mwa Chad. Ingekataa, hadithi ingekuwa nyingine. Na Land Cruiser ikiharibika, vipuri vyake vimejaa Afrika nzima. Ingia Grogan, mtaa wa vipuri hapa mjini, uulize. Mnyororo wa T-55 utaupata wapi? Gemu nyingi hufuta tofauti hii kwa kumpa kila upande karakana inayotema kifaru kipya kwa sekunde chache.

Nchi nyingi duniani hazitengenezi vifaru. Hununua, tena mara nyingi vilivyokwisha tumika. Kenya ilinunua ndege za F-5 kutoka Marekani miaka ya 1970, kisha baadaye ikaongeza za mtumba kutoka Jordan. Na safari ya silaha yenyewe ni vita vingine. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Ilitia nanga Mombasa Februari 2009, baada ya fidia kulipwa. Kenya ilisema vifaru ni vyake. Wengine wakashikilia vilikuwa vinaelekea Sudan Kusini. Katika tukio hilo moja kuna muuzaji, njia ya bahari, bandari, siri na adui ambaye hata si mshiriki wa vita. Mbunifu wa gemu atake nini tena?

Najua jibu: kungoja meli kunachosha, na pande lazima zilingane. Lakini katika mfululizo wa gemu za Wargame wachezaji huishiwa mafuta na risasi katikati ya pambano, na watu wanaupenda kwa sababu hiyo. Gemu ya Hearts of Iron IV iliongezewa soko la kimataifa la silaha mwaka 2023, na mzigo unaposafiri baharini unaweza kuzamishwa. Kwa hivyo inawezekana. Ninachodai ni kuwa jambo hili liwe moyo wa upande mzima, lisibaki ukurasa wa biashara.

Nipeni upande usio na kiwanda hata kimoja. Uwe na wauzaji watatu wasiopatana, kila mmoja na sharti lake: huyu anataka kambi ya ndege, yule anataka usinunue kwa mwenzake, wa tatu anauza rahisi lakini vipuri hana. Risasi za bunduki za huyu zisiingie katika bunduki za yule, ili mchezaji aumize kichwa kuamua kikosi gani kipate nini kabla ya risasi ya kwanza kulia. Mizani ipatikane humo, kwenye bei na muda wa kungoja. Deraya muiache na unene wake halisi.